Gari Lililovaa Koti

Jumatatu, 3 Februari

...na hapo ndipo bakuli la barafu likamwagikia mapajani mwa Bibi. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Unaweka barafu mbele ya tundu la AC ya gari iliyoharibika, upepo wa joto unapita juu ya barafu, unamfikia Bibi ukiwa umepoa. Nilisahau tuta la barabarani tu.

Bibi hakupiga kelele. Alifundisha shule miaka arobaini, kelele zake zimekwisha. Alisema ahsante, sasa amepoa, tena amepoa mpaka kwenye mfupa. Tulifika kliniki gauni linachuruzika. Nesi akamtazama Bibi, akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu.

Jioni akaja mwanawe, yule mhasibu. Alikaa kwenye gari dakika tano, akatoka shati limeganda mgongoni. Akasema mama ana presha, daktari kamkataza joto, na yeye hatakubali achemshwe kama yai kila siku ya kliniki. Anarudi Jumamosi. Akikuta bado linapuliza joto, gari linauzwa, na Bibi atakuwa anaitiwa teksi. Kuhusu dereva, yaani mimi, hakusema kitu. Nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika ndoo.

Gari likienda, na mimi naenda. Nyumbani kwetu nitarudi, sawa, ila masomo anayonifundisha Bibi ndiyo basi. Mimi niliishia darasa la nne. Daftari hili kanipa Bibi, akasema niandike kila siku, chochote, yeye hatasoma. Kweli hasomi. Jumapili anafunua kwa mbali kuona kama kurasa zinajaa, anafunga, ananirudishia.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kwa Miwani, dereva wa nyumba ya pili. Miwani yake haina vioo vya kusomea, ni ya jua, anaivaa mpaka chooni. Sikutaka kumuuliza. Nilizunguka gari lake mara tatu nikijifanya naangalia tairi, mpaka akaniuliza mwenyewe dogo umepoteza nini.

Nikamwambia. Akacheka kwanza, halafu akasema hilo gari halina gesi ya AC, mtoto mdogo anajua. Akanipeleka kwa rafiki yake mwenye mtungi. Rafiki hakupima chochote. Alijaza, akasikiliza kwa sikio kama anayenunua nazi, akasema tayari.

Barabarani baridi tele. Nikaanza kupiga mluzi. Kufika kwenye foleni ya taa nyekundu, joto likarudi, tena na nyongeza. Nimemwambia Miwani. Akasema basi gari lina kisirani kama dereva wake.

Nimeliosha ili kutuliza moyo. Nikakaza na koti lake. Hili koti ni kazi ya mikono yangu. Wiki mbili zilizopita walianza kuchimba barabara yetu, vumbi likawa halivumiliki, nikashona gunia kwa sindano ya viatu, nikaliweka nyuma ya shoo, ule wavu wa mbele kabisa, lizuie vumbi na mawe. Lina vifungo vinne. Kwenye kona nimetarizi herufi ya kwanza ya jina la Bibi. Sijamwambia mtu. Mama alinilea hivyo: redio ina kitambaa, kabati lina kitambaa, kochi lina nailoni, na nailoni ina kitambaa chake. Kitu unachokipenda unakifunika. Redio yetu mpaka leo inang'aa, ingawa sauti yake ni kama ya mtu aliye chini ya godoro.

Gari lilianza kupuliza joto wiki ile ile niliyolivika koti. Ndivyo ilivyo. Ukianza kukitunza kitu, ndipo kinapougua.

Jumatano, 5 Februari

Nimegundua jambo. Likitembea, baridi. Likisimama, joto. Nimelichunguza tangu asubuhi, sibahatishi.

Basi nikapanga: lisisimame. Kliniki ya saa tatu, nikapita njia za nyuma, kwenye maduka ya mbao, kwenye uwanja wa mpira, popote pasipo na taa. Tatizo likawa mzunguko wa sokoni. Mbele kuna foleni. Nikaamua kuzunguka mpaka foleni ipungue. Raundi ya kwanza Bibi alitazama maduka. Ya tatu akafunga pochi yake. Ya tano muuza karanga akatupungia mkono kama watu anaowafahamu. Ya saba Bibi akauliza kwa upole kama tumepotea au tunapeleka bibi harusi.

Ikabidi nimweleze. Nilieleza nikiangalia usukani. Akasema mwanangu, hilo uliloliona ni kubwa, lakini umelificha kama mwizi. Akasema mtoto wa nyuma darasani huwa anafunika daftari kwa mkono. Huyo alimsumbua kuliko watundu wote, maana mtundu unamsahihisha, huyo anayeficha utamsahihisha nini. Akasema Ijumaa twende kwa fundi wa AC wa kweli, na mimi nimwambie kwa kinywa changu.

Tulichelewa kliniki. Presha ya Bibi ilikuwa juu. Nesi aliniuliza nimemletea nini safari hii, mvua ya mawe?

Sijalala vizuri. Kumbe naweza kumdhuru mtu kwa kumpenda vibaya. Nitalifikiria tena hili nikipata nafasi.

Ijumaa, 7 Februari

Jana sikuandika. Nilikuwa nafanya mazoezi ya ile sentensi ya kumwambia fundi.

Fundi ni mtu mnene, mpole, kofia ya sufu kichwani na jua lote hili. Gereji yake ni kibanda cha mabati na benchi moja. Bibi akakaa kwenye benchi. Nikasema sentensi yangu: fundi, likitembea linapoa, likisimama linachemka. Ilitoka haraka sana, nikairudia. Fundi akanishika bega, akasema kijana, wenye magari huwa wananiletea hadithi ya saa nzima, wewe umeniokolea nusu siku. Nilitamani Miwani awepo.

Akafunga geji zake za kupimia gesi. Akatikisa kichwa, akauliza nani kajaza gesi namna hii, hii ni ya kuendeshea lori la samaki. Akaipunguza. Halafu akaeleza, kwa Bibi na kwangu sawasawa, kwamba AC haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani, inalipeleka mbele ya gari likatupwe nje. Gari likitembea, upepo unajipenyeza na kulibeba lile joto. Likisimama, feni ndiyo inavuta hewa. Akauliza sasa hewa inapita wapi? Akaingiza mkono nyuma ya shoo. Akavuta. Likatoka koti.

Akalikung'uta vumbi. Akaligeuza. Akahesabu vifungo. Akauliza nani kalivalisha gari sweta halafu analipepea.

Nikasema labda ni upepo umelileta.

Akasema upepo huu unajua kutarizi.

Bibi aliomba alione. Alipitisha kidole kwenye ile herufi yake muda mrefu. Alilikunja vizuri akaliweka kwenye pochi. Njiani tulisimama kwenye foleni ile ile, dakika nyingi, na Bibi akajifunga mtandio mabegani kwa baridi. Ndipo akasema, akiangalia dirishani, kwamba mshono ni mzuri, ila siku nyingine kabla sijafunika kitu nikiulize kwanza kinapumulia wapi.

Nimeandika maneno hayo kwa herufi kubwa kwenye jalada la ndani. Nimeyaelewa kabisa.

Jumamosi, 8 Februari

Mhasibu kaja. Kakaa ndani ya gari, injini inanguruma, gari limesimama juani, dakika ishirini kwa saa yake. Alitoka anasugua mikono. Akasema haya, libaki. Halafu akaniangalia, mara ya kwanza nadhani, akasema dereva, mpeleke mama pole pole. Nikasema ndiyo bosi. Nilitaka kusema zaidi, ikaishia hapo.

Miwani kapita kuuliza imekuwaje. Nimemwambia ni mambo ya kitaalamu.

Baadaye nimefungua boneti kushukuru tu. Nikaiona feni. Maskini, ndiyo inayofanya kazi yote, na mota yake iko wazi kabisa nyuma, vumbi linaiingia hivi hivi. Nikakumbuka maneno ya Bibi. Nikajiuliza inapumulia wapi. Inapumulia mbele, si fundi kasema mwenyewe. Nyuma haina shida. Basi nimeivika mota mfuko wa nailoni, mpya, mara mbili, nikafunga kwa uzi wa kushonea viatu. Fundo nimeliachia masikio mawili kama ya sungura. Imependeza. Sijamwambia mtu, itakuwa zawadi ya kimya kimya.

Bibi ameshaingia kwenye gari, tunakwenda kwa dada yake. Nimemwashia AC apoe wakati namalizia ukurasa huu.

Naacha hapa. Bibi ananiita kutoka dirishani, hapigi kelele, ila amesimamisha kidole kama darasani. Anauliza kama na mimi nasikia harufu, kama ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa juu ya jiko.