Waksi ya Gari la Bibi Harusi

Jumanne, 2 Septemba 2025

Kamati ya harusi ilikaa jana. Mwenyekiti, Mama Flaviana, katangaza kwamba Ijumaa jioni atapita kukagua magari. Litakalong'aa kuliko yote ndilo litakalompeleka Adelina kanisani Jumamosi. Adelina! Mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimpeleka darasa la kwanza kwa gari langu hili jeusi, nikamwahidi kumpeleka na kanisani siku yake ikifika. Sasa jirani yangu Revelian naye kajiandikisha. Gari lake la juzijuzi tu. Roho haitulii.

Nimekwenda Tandika kumdadisi Ismail, fundi wa kuosha magari. Kasema waksi ipakwe kidogo tu, kivulini, bodi ikiwa imepoa, kipande kimoja kimoja, kisha ifutwe kwa kitambaa laini. Kidogo! Kivulini! Nimemcheka moyoni. Nani anagawa siri ya ugali wake? Bila shaka ukweli ni kinyume chake.

Jumatano, 3 Septemba

Saa saba mchana. Jua la kuchoma utosi. Nimelitoa gari uani, nikaliweka barabarani ili waksi iive vizuri. Kopo zima, gari zima kwa mpigo, nene kama siagi ya mkate wa mgeni. Nikaingia kula.

Kurudi, yote imekauka! Nyeupe, ngumu. Gari limekuwa kama mwari aliyemwagiwa poda. Nimesugua kwa kitambaa cha kwanza nilichokiona kwenye kamba. Kumbe khanga mpya ya Margareta, sare yake ya harusi! Mke wangu hakupiga kelele. Kasema kwa upole kwamba nikimaliza na khanga, mapazia yapo. Upole ule umenitisha.

Alhamisi, 4 Septemba

Mabega yanauma, weupe uko palepale. Revelian kapita, kanisalimia kwa adabu, kauliza kama nimebadilisha rangi. Mnafiki! Gari lake kampelekea Ismail, mwenyewe kakaa kivulini anakunywa kahawa. Mvivu!

Jioni, wazo! Ngozi iliyopauka hupakwa nini? Mafuta ya nazi! Nimemaliza chupa nzima. Weupe umepotea, gari linawaka! Nimejiona kwenye mlango, nikajikonyeza.

Ijumaa, 5 Septemba

Tangu saa nane nimelizunguka gari. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Mama Flaviana alipokuwa anakata kona, lori la mchanga likamtangulia. Mtaa wetu hauna lami. Vumbi lote la Temeke likaja kutua kwenye mafuta yangu, likanata. Mama Flaviana kagusa boneti kwa kidole, kakitazama kidole, kaomba maji ya kunawa. Kisha kaandika jina la Revelian. Nimejifungia chooni. Nimelia, na sioni haya kuandika.

Baada ya saa nzima nikasikia shikamoo mjomba nje ya mlango. Adelina. Kasema ameshaongea na Revelian: gari litakuwa lake, usukani utakuwa wangu, maana yeye hapelekwi kanisani na mtu mwingine. Revelian kaleta funguo mwenyewe. Nimeitikia marahaba, nikanawa uso, nikafungua mlango.

Jumamosi, 6 Septemba

Harusi saa tano. Sasa saa mbili asubuhi. Suti imenyooshwa, funguo mfukoni, gari la Revelian liko mlangoni kwangu. Linang'aa, sikatai. Lakini kwenye boneti nimeona sehemu imefifia kidogo, ukubwa wa kisosi. Adelina wangu apande gari lenye kasoro? Dukani wanafungua saa hizi. Nakimbia mara moja.

Jumapili, 7 Septemba

Adelina kaolewa! Kanishika bega njia nzima, nami nimeendesha polepole ili njia isiishe. Mpambaji alikuwa kafunika boneti yote kwa maua, hata pale pasipopangwa. Watu wamesifu sana.

Leo maua yametolewa, Revelian kaja. Safari hii hakusalimia. Kuna alama nyeupe kwenye boneti yake, pana kama sinia la pilau. Ismail kaitwa, kaanza tena hadithi zake za kivuli. Nimewaacha waongee. Tangu misa nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, na kosa nimeliona. Jua la saa mbili bado changa, haliwezi kuivisha waksi. Ningesubiri saa saba.