Jinsi Pimamaji Alivyoijenga Ngome ya Stroberi

Njoni, enyi mlioketi na enyi mnaotafuta pa kuketi! Acheni vyungu vichemke vyenyewe, nyamazisheni simu, mpate kusikia habari za fundi mwashi aitwaye Pimamaji, mnyoosha kuta, adui wa kila kilichopinda, na siku aliyoingia jikoni kwake pasipo kuitwa kula.

Kwa miaka kumi na mmoja, kila ukoo wao ulipokusanyika, Dada Mkubwa, malkia wa orodha, alimwandikia nduguye kazi ile ile: kubeba viti. Hata saladi hakuaminiwa. Safari hii mama yao alikuwa anatimiza miaka sabini, na Pimamaji akasimama sebuleni, akanena:

"Dada, nisikilize! Mikono hii imewajengea watu nyumba. Itashindwaje kumjengea mama kitu kitamu? Cha matabaka, na moto hakioni. Niachie mimi!"

"Wewe?" akasema Dada Mkubwa. "Haya. Ila ukituaibisha mbele ya mama, viti utabeba mpaka uzeeke."

Basi asubuhi ya siku yenyewe akapanga silaha mezani: bakuli la kioo pana kama karai, pakiti tatu za biskuti, maziwa, malai, na kilo nzima ya stroberi. Stroberi akazikatakata, akazinyunyizia sukari, zikatoa damu yao. Malai akayapiga kwa mkono, kwa hasira ya miaka kumi na mmoja, hata mwiko ukasimama ndani yake wenyewe. Mpaka hapo ushindi ulikuwa wake.

Lakini mazoea yana taabu. Mwashi mwenye akili hajengi kwa tofali kavu. Hulitia maji kwanza lishibe. Karatasi ya maelekezo ilisema biskuti zichovywe kidogo tu, naye akaona aliyeiandika hajui ujenzi. Akaizamisha pakiti nzima kwenye beseni la maziwa, akaenda uani kunywa chai. Aliporudi baada ya nusu saa, kikosi chake cha kwanza kilikuwa uji.

Akaketi kwenye kimoja cha vile viti, akavitazama vingine vilivyoegemezwa ukutani, na moyo ukamwuma kweli. Kubeba hakukumwogopesha. Alichoogopa ni mama yake kufikisha themanini hajawahi kuonja kitu cha mkono wake.

Mkewe akachungulia. "Baba watoto, hicho umewatengenezea kuku?"

Simba akaguswa sharubu! Akainuka, akanguruma: "Mke wangu, nyumba haianzi na ukuta! Hili ni jamvi, sakafu ya chini inayobeba kuta!"

Akaumimina ule uji chini ya bakuli, akausawazisha kwa kijiko. Juu yake stroberi, kisha malai, kisha biskuti za pakiti mbili zilizobaki, zilizochovywa na kutolewa, maungio yao yakipishana kama inavyolipasa tofali. Akapanda hivyo hivyo hadi ukingoni. Akaweka juu ile pima maji iliyompa jina, na kiputo chake cha usawa kikatulia katikati. Rafu ya friji ilikuwa imeinama, akaitia kabari ya biskuti.

Jioni ndugu thelathini wakaizunguka ngome. Dada Mkubwa akachota, akampa mama. Mama akaonja juu, akasita, akashika shavu. Pimamaji akafumba macho. Kisha kijiko kikashuka mpaka chini, kikashuka tena, kikaanza kukwangua sahani.

"Hii ya chini kapika nani?" akauliza mama. "Miaka mingapi mnanipa vitu vya kutafuna, na mnajua meno haya ni ya kuazima!"

"Haikupikwa, mama," akasema Pimamaji. "Imejengwa."

"Basi nijengee nyingine, mwanangu. Na njoo ukae hapa."

Na ikumbukwe kizazi hata kizazi kwamba siku hiyo Dada Mkubwa aliitoa orodha mkobani, akafuta jina moja mbele ya watu wote, na viti thelathini na vinne vikarudishwa na mumewe, akihema, ilhali Pimamaji ameketi kando ya mama yake, vijiko viwili katika bakuli moja, wakilikwangua jamvi.