Fundi Ndani ya Sanduku la Chatu

Ambakisye na Yusufu, ndugu zangu tulioshika randa siku moja, salamu zisubiri kwanza. Leo nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya wakwe, nyuma ya kioo. Nawaandikia haraka kabla hamjasikia kwa madereva wa malori. Wale wakifika Mbeya watakuwa wameshaongeza chumvi, na kisa chenyewe hakihitaji.

Mnajua nimeposa. Binti ni Semeni wa Ilula, na baba yake ni Mzee Kalinga, mtu wa maneno machache na macho makali. Mshenga wangu, Baba mdogo Filipo, amekwenda kule mara tatu. Mara ya tatu mzee akamwambia kwamba amesikia huyu kijana ni fundi, lakini sifa hizo zote amezisikia kwa kijana mwenyewe. (Kweli. Huwa najisifu. Nyie mnanijua.) Akasema atakuja Iringa Jumamosi, yeye na mama, aione kazi kwa macho yake. Ikimridhisha, posa imepokelewa. Isipomridhisha, tusikanyage tena kwake.

Sasa kazi niliyokuwa nayo wiki hii si meza wala kitanda. Ni nyumba ya nyoka.

Msishtuke. Kuna Mzungu wa mashamba ya chai kule Mufindi, tunamwita Bwana Miwani. Anafuga chatu. Si chatu wa kwetu, ni jamaa yake wa Amerika, wenyewe wanamwita boa. Aliletwa kwa meli akiwa mwembamba kama mkanda, sasa ana urefu wa mtu na zaidi. Na baridi ya Mufindi mnaijua, asubuhi majani huamka meupe kwa barafu. Nyoka amekakamaa kama mpini wa jembe, hali, hajongei. Bwana Miwani akaja kwangu na mchoro, na wasiwasi wa mtu mwenye mgonjwa nyumbani.

Nilimwambia tuweke taa ya chemli ndani, basi. Akanitazama kwa huruma. Akanieleza kwamba nyoka hana akili ya kuiogopa taa. Ataizunguka, ajikunje juu yake apate joto, na ataungua huku ameridhika. Taa ikae nje, ubavuni, kwenye chumba chake cha bati la debe, na bomba la moshi litokee nyuma. Joto lipite, mwanga usipite, maana usiku nyoka anataka giza kama mtu yeyote. Mchana kioo cha mbele kinamtosha. Tena joto liwe upande mmoja tu, upande wa pili ubaki na ubaridi wake, mwenye nyumba achague mwenyewe. Juu wavu, ndani bakuli la maji na gogo la kupandia. Halafu mlango. Mlango aliurudia mara nne. Nyoka husukuma kwa pua, hachoki, na penye upenyo wa kidole hupita.

Basi hapo nikatia ufundi wangu wote. Sanduku la mninga, urefu futi saba, kimo futi tatu. Mlango nikauweka ubavuni, na komeo la chuma la kujiangukia lenyewe. Ukiurudisha mlango tu, chuma kinashuka kwenye tundu lake, tap! Halifunguki ila kwa mkono ulio nje. Nilitangaza mtaa mzima kwamba hata shetani akiwekwa humo atakaa mpaka siku ya hukumu. (Hapo ningenyamaza.)

Leo asubuhi nikajiandaa. Shati jipya, suruali imepigwa pasi, koti la kuazima kwa Bwana Hirji, mwenye duka aliyenipa baraza lake nifanyie kazi. Vyote nikavitundika kwenye msumari visiingie vumbi la mbao. Nikabaki na kaptula na fulana yangu ya kazi, ile yenye matundu. Wakwe wangefika alasiri kwa lori. Nilikuwa na muda tele.

Saa sita Bwana Hirji akafunga duka, akaenda nyumbani nyuma kula. Nikawasha chemli nijaribu joto. Safi! Huku moto, kule baridi, kama mchoro ulivyosema. Ikabaki kutafuta upenyo. Bwana Miwani alinifundisha: ingia ndani utazame. Utakapoona mwanga kwenye maungio, nyoka ataona njia. Nikaingia, nikachutama, nikauvuta mlango nyuma yangu. Kidogo tu, mwanga wa mlangoni usinidanganye.

Tap.

Jamani, ule mlio nilikuwa naupenda tangu Jumatano.

Nilisukuma kwa mkono. Nikasukuma kwa bega. Nikalala chali nikasukuma kwa miguu miwili. Kazi nzuri sana! Wavu wa juu nilikuwa nimeupigilia misumari kila baada ya inchi mbili. Kioo siwezi kukivunja, kimetoka Dar es Salaam ndani ya majani makavu, na bila kioo mzee angekuja kuona nini? Joto likazidi. Nikahamia upande wa baridi. Baridi ikanibana, nikarudi upande wa joto. (Bwana Miwani amesema kweli. Inafaa sana kuwa na pande mbili.)

Nikaanza kugonga kioo. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Mji mzima unajua hilo sanduku ni la nyoka. Akina mama waliokuwa wakitoka sokoni wakasikia sanduku linagonga, wakatimua mbio na vikapu vyao. Halafu wakarudi polepole, kama watu wanavyorudi siku zote. Nikapaza sauti kwamba ni mimi, fundi, wanifungulie. Wakakubaliana kwamba ni mimi kweli. Lakini nyoka je? Kama nyumba ni ya nyoka, basi nyoka yumo, pengine nimemkalia. Hakuna mkono uliosogelea lile komeo. Mama mmoja akamweleza mwenzake, taratibu kabisa, kwamba nyoka wa Wazungu hali mzoga, chakula chake huingizwa kikiwa hai. Mwenzake akauliza kama nina mke. Akaambiwa bado, ndiyo kwanza nimeposa Ilula.

"Maskini binti wa watu," akasema, akatua kikapu chake, akakaa kusubiri.

Wengine nao wakakaa. Baraza likajaa. Niliwaonyesha mikono yote miwili, nikainua bakuli la maji, nikainua gogo, waone hakuna nyoka. Wakasema maskini, ameanza kuchanganyikiwa.

Mara watu wakapisha njia. Lori la leo lilikuwa limewahi.

Alitangulia Baba mdogo Filipo, nyuma yake Mzee Kalinga na fimbo yake, nyuma yake mama. Mnaijua heshima ya ukwe. Kijana mbele ya mama mkwe hutazama chini, husema kwa sauti ndogo, na huwa amevaa. Mimi nilikuwa nimepangwa kwenye kioo kama maandazi kwenye kabati la mgahawa, jasho linanitiririka, fulana imenigandia, na shati jipya naliona pale kwenye msumari, hatua mbili tu. Nilitamani huyo chatu angekuwemo kweli, anifiche. Mama akajifunika khanga uso mzima, mabega yakawa yanamtikisika. Nikajua analia. Nikajua Semeni ndiyo basi tena, na moyo ukaniuma, sitawaficha.

Baba mdogo akakimbilia komeo. Mzee akamzuia kwa fimbo. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, baba," nikaitikia. (Mkwe huamkiwa umechutama. Hilo angalau lilikuwa tayari.)

Hakufungua. Akalizunguka sanduku bila haraka, akipapasa maungio kwa kidole gumba. Akagusa bati la taa, akaondoa mkono upesi. Akauliza taa mbona iko nje. Nikamweleza yote kupitia wavuni, habari ya joto, giza na upande wa kuchagua. Nilieleza vizuri, maana kwa wakati ule hakuna aliyeijua nyumba ile kunizidi. Akaniambia nisukume mlango. Nikasukuma. Akaniambia nisukume kiume. Nikasukuma mpaka fulana ikachanika mgongoni. Mbao hazikulia hata kidogo.

"Kwa hiyo atakayekaa humu hatoki," akasema.

"Hatoki, baba."

"Hata akiwa na akili?"

"Hata akiwa na akili."

Mzee akaugonga mlango kwa fimbo. "Basi kazi ni nzuri. Ya akili tuiache, maana wewe umeingia mwenyewe."

Watu walicheka mpaka Bwana Hirji akatoka mbio na chapati mkononi, akidhani duka linavunjwa. Mzee akainua komeo kwa kidole kimoja. (Ni jepesi sana, nililipaka mafuta.) Nikatoka kwa magoti, macho chini kama inavyopasa. Upepo wa Iringa ukanipiga, meno yakaanza kugongana. Ndipo mama akafunua khanga. Kumbe hakuwa analia. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa kicheko, na kwa kuwa kuniambia mimi hawezi, akamwambia mshenga.

"Mvishe huyo. Atakufa kwa baridi kabla ya harusi."

Harusi! Nilimsikia vizuri, na mzee hakumrekebisha. Alisema posa imepokelewa, kazi ameiona. Ana sharti moja tu: katika nyumba nitakayomjengea binti yake, Semeni ndiye atakayeamua komeo likae upande gani, na mimi nisiingie mahali popote kabla sijamwuliza.

Basi chekeni hukohuko Mbeya, chekeni mpaka mbavu ziwaume. Harusini mje mmeshamaliza.