Stika za Dokta Eli

Elifuraha aliingia kwenye mkutano wa kata ya Olasiti kwa sababu ya soda. Aliona kreti zikishushwa mlangoni, akaona na watu wanaingia bila kuulizwa majina, naye akaingia. Mtu asiye na kazi maalumu hupata nafasi ya kuhudhuria mambo mengi ya maendeleo.

Mbele alisimama afisa wa serikali akiwaeleza wauza dawa za asili utaratibu: kila dawa isajiliwe, sampuli ipimwe maabara, na mtumiaji akipata madhara, iwe kuwashwa, kuvimba au kuharisha, apige simu kutoa taarifa ili dawa ifuatiliwe. Aliyasema yote taratibu na kwa ukweli, na pengine ndiyo maana hakuna aliyefurahi.

"Huko maabara itakaa muda gani?" aliuliza Simaloi, mama anayeuza magome ya miti soko la Kilombero.

"Inategemea na dawa, mama. Uvumilivu unahitajika."

Elifuraha alizitazama zile nyuso, akaona jambo ambalo afisa hakuliona. Watu wale hawakuogopa kusajili, waliogopa kusubiri. Na mtu anayeogopa kusubiri ndiye mteja aliyekuwa akimtafuta tangu aache kuuza viwanja vya watu wengine.

Wiki hiyohiyo alichapisha stika zinazong'aa, zenye bendera pembeni na maneno DAWA HII IMEHAKIKIWA USALAMA. Akanunua koti jeupe la mtumba, akajiita Dokta Eli. Tusimhukumu haraka. Alikuwa mtu makini, aliyetaka kitu cha bandia kifanane na halali hadi kwenye mambo madogo. Kwa kuwa afisa alisema lazima pawe na namba ya kutolea taarifa za madhara, aliiweka kwenye stika. Na kwa kuwa hakuwa na laini nyingine, aliweka yake, ileile ambayo wauzaji wangetumia kumlipa.

Alianzia kwa mzee Hatim, mwenye duka la habbat soda na asali karibu na Soko Kuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa serikali au wa michango?"

"Serikali. Kitengo cha haraka."

"Serikali ina kitengo cha haraka? Mbona sijawahi kukiona?"

"Kinapita haraka, mzee wangu."

Hatim aliigeuza stika kwenye mwanga. "Jirani yangu amechukua?"

"Za dawa zote. Hata sabuni zake kabandika."

"Basi nipe na za sabuni."

Ikawa hivyo mji mzima. Simaloi alichukua za magome, na Tajeu, kijana anayeuza minadani unga wa kutibu mgongo, alichukua nyingi bila hata kuzisoma. Malipo yaliingia kwenye simu ya Dokta Eli, naye akaanza kuulizia gari, Noah ya mkono wa pili. Alitaka ya kijivu.

Kosa lake lilijitokeza asubuhi moja, hata uso hajanawa.

"Haloo, hapo ni serikali?"

"Nani mwenzangu?"

"Lesian, niko huku Nduruma. Mvua huko mjini imenyesha?"

"Imenyesha, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekunywa ule unga wa mgongo wa Tajeu. Mgongo umepona kabisa."

"Hongera, mzee."

"Ila uso umevimba. Jana mbuzi wangu wamenikimbia."

Angeweza kuzima simu. Lakini kuzima laini ile ilikuwa ni kufunga mlango ambao fedha ziliingilia. Basi akasema jambo la kwanza lililomjia: "Nenda hospitali leo, mzee, na huo unga uende nao." Alipokata simu alishangaa, maana ulikuwa ushauri mzuri.

Tena watu wa upande ule hawamalizi jambo kwa simu moja. Lesian alipiga kusema amefika hospitali, akapiga kusema ameambiwa aache ule unga, akapiga kushukuru, halafu akampa mke wake simu naye amsalimie serikali. Na aliwapa namba majirani. Wakapiga wenye vipele, wenye kuharisha, na mmoja aliyetaka tu kujua serikali inaonaje vitunguu saumu. Kila aliyevimba uso alikuwa amekunywa unga uleule wa Tajeu.

Dokta Eli alimfuata Tajeu mnadani.

"Umechanganya nini humu?"

"Vidonge kidogo vya hospitali, Dokta. Ili iwahi kushika."

"Watu wanavimba."

"Wanavimba huku wamepona. Halafu mimi si nimelipia stika?"

Elifuraha alizibandua zote kwa kucha, mbele ya wateja. Njiani alikasirika sana. Yeye alidanganya watu kwa karatasi; huyu alidanganya kwa figo za watu. Aliona tofauti ni kubwa, na sisi tumwachie hilo.

Ndipo akapiga dada mmoja, Sabina. Sauti yake ilikuwa ya upole. Alisema tumbo lilimsumbua baada ya kunywa magome, akauliza kama kuna wengine. Dokta Eli akamweleza. Kesho yake akapiga tena kuuliza: nani anauza nini, wapi, na nani amelipia stika ngapi. Akamweleza na hayo.

"Pole kaka, kazi yote hiyo unaifanya peke yako?"

Maishani mwake hakuna aliyewahi kumpa Elifuraha pole ya kazi. Alikubali kukutana naye kwa chai, hoteli moja karibu na Mnara wa Saa.

Sabina alikuja na suti nyeusi na faili kwapani. Alingoja chai imiminwe.

"Elifuraha, mimi tumbo haliniumi. Natoka serikalini, usalama wa dawa. Tumekusikiliza wiki nzima."

Elifuraha alitafuta uongo wa kujibu, akakuta akiba imeisha.

"Kujifanya mtumishi wa umma unajua kwamba unafungwa?" aliendelea Sabina, akikoroga sukari. "Lakini yule mzee wa Nduruma umemsaidia, na nimeliandika hilo. Suala lako linaweza kuisha kiutawala."

"Kiutawala, dada. Naomba liishe hivyohivyo."

"Laini inabaki kwangu, na namba ya siri, ili wauzaji warudishiwe chao. Stika zote bandua, peleka ofisini kwetu kesho asubuhi mwenyewe, ueleze yote na uombe radhi. Usifiche kitu."

"Nikifika nimwulize nani?"

"Yeyote. Wote wanakufahamu."

Alivua hereni, akamsogezea itumike kutolea laini kwenye simu. Elifuraha aliitoa, akamnong'oneza namba ya siri, akaiaga Noah ya kijivu. Alisikia wepesi ambao hakuwahi kuupata hata alipouza kiwanja cha kanisa.

Kubandua ndiko kulikuwa na shida. Hatim alikumbatia chupa zake. "Bandua za jirani kwanza nione."

"Mwanangu, niachie hata moja," alisihi Simaloi. "Tangu nizibandike, wateja hawanibishii."

"Mama, peleka sampuli ikapimwe, usubiri. Na fedha yako itarudi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuwaahidi watu kitu ambacho yeye mwenyewe alikiamini.

Asubuhi aliweka mfuko wa stika juu ya meza ya afisa wa zamu, mama wa makamo mwenye sweta. Akaungama yote, kuanzia kreti za soda, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba msamaha umeshaandaliwa. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kuhusu Tajeu aliomba arudie, akamtuma mtu hapohapo aende mnadani.

"Sasa hiyo laini iko wapi?"

"Ninayo... anayo afisa wenu. Sabina."

"Hapa hatuna Sabina."

Elifuraha alitabasamu, akingoja mama amalizie utani. Mama alichukua kalamu.

"Labda ni wa kitengo kingine," alisema Elifuraha polepole. "Kinaweza kuwa kinapita haraka."

"Ulimwomba kitambulisho?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anaongea kiserikali sana, mama."

Mama akaandika, neno kwa neno. Kisha akavuta kiti kwa mguu, akamwonyesha akae, maana asubuhi ile hakuna aliyekuwa anaondoka mapema.

"Na wewe, hao wauzaji, yuko aliyekuomba kitambulisho?"

Elifuraha aliketi, akafikiri kwa uaminifu wote uliombakia.

"Mmoja tu. Nikamwambia asiipotezee serikali muda."