Shibiri Moja Kila Jumatatu

Jumatatu, 3 Machi

Ua wangu wa mabati umesogea uchochoroni. Shibiri moja, kama kila Jumatatu. Hiyo ni ya nane! Mji unakua, nami nakua nao. Kibanda changu cha kinyozi kina kiti kimoja. Ili kiti cha pili kiingie, nahitaji shibiri moja zaidi, basi. Uchochoro ni mali ya jiji, na jiji halijalalamika. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Ila mgongo unauma. Mabati si mepesi kwa mtu wa miaka hamsini na mbili mwenye kitambi cha watu wawili.

Jambo la kuudhi: seremala wa ng'ambo ya uchochoro naye anasogeza ukuta wake wa mbao. Nimemwona kwa macho yangu. Kunyakua ardhi ya umma mchana kweupe! Watu wengine hawana haya.

Jumanne, 4 Machi

Mama Watoto kasema shimo la choo limejaa. Nikamwambia litavumilia mpaka mwisho wa mwezi. Akasema shimo labda, lakini mama yake anakuja Jumamosi kukaa wiki mbili, na asipokuta choo watarudi kwao wote wawili, nami nibaki nikijipikia. Mke wangu hatishii bure. Mara ya mwisho aliondoka mwezi mzima, nikala mayai hadi nikaona aibu mbele ya kuku.

Nimepiga simu. Gari la kunyonya majitaka linakuja kesho. Tatizo limekwisha!

Jumatano, 5 Machi

Halikuingia. Dereva alishuka, akanyoosha mikono kupima uchochoro, akacheka mpaka akashika bampa. Akasema hapo hata toroli liombe dua kwanza. Mwaka juzi alipita hapa anapiga mluzi. Nani kaula uchochoro? Nikamtazama seremala. Seremala akanitazama mimi. Mama Watoto akatutazama wote wawili, na sikupenda alivyotutazama.

Mpira wa kunyonyea ukavutwa hadi mwisho. Ukaishia kwa seremala! Choo chake kikanyonywa, changu kikabaki kinatazama. Dereva kaahidi kurudi Jumamosi saa nne, tukimpa njia.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikwenda kwa seremala kwa upole. Nikamwambia jirani, umoja ni nguvu, bomoa ukuta wako. Akauliza, na ua wangu je? Nikamweleza kwamba ua wangu ni wa biashara. Akasema na yeye hapo anaweka vitanda vya kuuza, au nadhani analala navyo vyote kumi? Akaongeza kuwa choo chake kiko salama salimini, hana haraka, ila nikizidiwa nibishe hodi tu, nisione haya. Mbele ya wateja wake!

Basi. Dawa ya moto ni moto. Nimeandika barua kwa ofisi ya mipango miji: kuna seremala anakula njia ya umma, njooni mpime. Kalamu ilikuwa tamu! Nimeipeleka kwa mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Ofisi ambayo haijawahi kujibu barua imejibu kwa miguu. Afisa alifika saa mbili na nusu asubuhi, ramani kwapani, futi ya kamba mkononi. Kwenye ramani uchochoro una mita tano. Zimebaki mbili na kitu. Akapima upande wa seremala: kala mita moja na ushei. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Akageuka, akapima upande wangu: karibu mbili. Akapima tena, kwa kuniheshimu. Karibu mbili.

Alama ya X, nyekundu, kwenye ua wangu. Nyingine kwa seremala. Kesho saa nne viwe vimeondoka, la sivyo tingatinga. Afisa akaniaga kwa mikono miwili na kunishukuru: miaka ishirini kazini, hajapata mwananchi wa kujishitaki mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri hivyo. Seremala akacheka hadi akaketi kwenye kitanda cha mteja. Kisha akakumbuka X yake, akaenda kutafuta nyundo.

Jumamosi, 8 Machi

Tangu alfajiri, mimi na seremala, nyundo kwa nyundo, kila mtu anabomoa kwake bila salamu. Saa tatu na nusu mabati yangu yamelala chini. Kiti cha pili kimelala nayo.

Saa nne, honi! Gari likaingia bila kugusa kitu. Na pale mbele, kando ya dereva, mkoba mapajani, ameketi nani? Mama mkwe! Alipotea kituoni, akamuuliza dereva njia, dereva akamwambia panda mama, naenda hapo hapo kunyonya choo. Nilitamani ardhi inimeze, ila ardhi yenyewe nimeshanyang'anywa.

Alishuka kama malkia. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akasema mkwe wangu, pamepanuka hapa! Siku hizi wanaoheshimu njia ni wachache. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mama Watoto akakohoa. Lakini hajafungasha mabegi, na choo kinapumua.

Jumapili, 9 Machi

Sheria nimeielewa, na naiheshimu. Chini ni kwa jiji.

Lakini jana gari lilipopita nilisimama na mpini wa ufagio, nikalipima urefu. Mita tatu kasoro. Kuanzia hapo kwenda juu ni hewa tupu, na ramani ya afisa niliikagua vizuri: imechora chini tu. Miji yote mikubwa inakwenda juu! Kinyozi ghorofani, viti vitatu, upepo mwanana, mteja ananyolewa huku anautazama mji. Chumba kitatokeza juu ya uchochoro mita mbili, na gari litapita chini yake bila kujua.

Vitakavyogusa chini ni nguzo tu. Nguzo nne. Nyembamba.