Mgongo wa Mkwe na Swichi ya Laini

Jumatatu, 3 Machi

Nimewawahi wote! Baba mkwe anatoka hospitali Jumamosi. Kapasuliwa mgongo, na daktari kaamuru asitikiswe hata kidogo. Nani atamleta? Mimi! Nilijitolea mbele ya ukoo mzima kabla mwanyumba wangu hajafungua mdomo.

Mwanyumba ndiye aliyemuoa mdogo wake mke wangu. Mkwe alianza kumwita "mwanangu" mwaka uleule wa harusi yao. Mimi nina miaka kumi na moja kwenye ndoa na bado naitwa "yule fundi saa". Jumamosi hiyo ndiyo mwisho wake.

Mwanyumba ana gari la mizigo. Mimi nina gari la spoti! Milango miwili, la zamani kidogo, lakini lina swichi ya mwendo. Bonyeza "ngumu", linakaza kama la mashindano. Bonyeza "laini", linaelea. Kazi hiyo hufanywa na mota ndogo nne, moja juu ya kila shokapu, kile kinachomeza mitikisiko ya gurudumu.

Kuna kasoro ndogo tu. Taa ya swichi inapepesa, na gari ni gumu siku zote, nibonyeze nisibonyeze.

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa na ile taa asubuhi nzima, nikihesabu. Inapepesa mara tatu, inapumzika, mara tatu tena. Kitabu cha gari kinasema idadi hiyo hutaja mota iliyoharibika. Ukurasa wa kusema ni ipi umechanika. Basi nafungua zote!

Grisi, fundi magari wa mtaani, alipita akanikuta nimezama ndani ya buti la gari, miguu tu iko nje. Akauliza kama nataka msaada. Nikamjibu natafuta funguo. Mimi nafungua saa zenye vidude vidogo kuliko punje ya mchele, leo nishindwe na mota kubwa kama kipande cha sabuni?

Kufika saa kumi alasiri, mota zote nne ziko mezani. Nimezipiga brashi, nimezitia mafuta ya saa, nimezizungusha moja moja kwa kidole, kwa raha zangu tu. Zinateleza! Mke wangu kauliza tutakula wapi.

Jumatano, 5 Machi

Nimezirudisha. Nimewasha. Taa haipepesi tena mara tatu. Sasa inapepesa bila kupumzika! Kuna kitu kimebadilika, na mabadiliko ni dalili njema.

Jaribio: trei ya mayai thelathini kwenye kiti cha mkwe, nimeifunga mkanda. Nimezunguka mtaa mara moja. Gurudumu la mbele kushoto linaelea, la nyuma kulia limekauka, mengine yako katikati. Gari linachechemea. Yamepona mayai kumi na tisa.

Nikamwambia mke wangu kwamba zaidi ya nusu ni ufaulu. Akauliza yale kumi na moja ni sehemu gani ya mgongo wa baba yake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Grisi kijanja. Nikamweleza kwamba nina rafiki ana gari la namna hii na amekwama. Akacheka kidogo, akaeleza. Kumbe mota zote nne lazima zielekee upande mmoja kabla ya kufungwa, la sivyo huyu akiambiwa laini anaelewa ngumu. Na moja yao, alisema, lazima ina jino la gia lililovunjika, hiyo haina dawa ila kubadilishwa.

"Mwambie rafiki yako aniletee kesho. Siku moja inatosha," akasema. "Na ajipanguse hayo mafuta shavuni."

Nimekataa, kwa niaba ya rafiki. Akitengeneza Grisi, sifa ni za Grisi. Na mkwe atamwita nani mwanangu? Grisi!

Ijumaa, 7 Machi

Imekubali! Nimezielekeza zote upande mmoja. Jino lililovunjika nimeliona, mota ya nyuma kulia. Nimeligandisha kwa gundi ya vioo vya saa. Nikabonyeza "laini", nikakalia boneti, nikarukaruka. Gari linanesa! Nimecheka peke yangu uani.

Taa bado inapepesa. Nimeibandika utepe mweusi. Mke wangu kauliza kama imetulia. Nikamjibu haionekani kabisa kupepesa, na hapo sikusema uongo.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya siku! Dakika kumi za mwanzo tuliteleza tu. Mkwe kafumba macho, akasema gari hili si baya. Si baya! Nyuma yetu mwanyumba anafuata na gari lake la mizigo, ndani kaweka godoro. Nilimhurumia.

Tuta la kwanza, laini. La pili, laini. La tatu gundi ikaachia, nyuma kulia ikapiga kama nyundo.

Mkwe alishika mlango kwa mikono miwili. Akavuta pumzi. "Mwanangu," akasema polepole, "nakuomba, nishushe."

Mwanangu! Nilifurahi mno hata nikapita matuta mawili zaidi kabla ya kukumbuka kusimama.

Kafika nyumbani kwetu juu ya godoro la mwanyumba. Daktari kaja kumtazama, kasema hakuna kilichoharibika, ila alale siku tatu bila kusogea. Hapo niliona aibu kweli, nikatoka nje. Mke wangu hasemi nami. Lakini neno limeshatoka, na shahidi yupo, mimi mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Mkwe yuko sebuleni kwetu, kwenye kitanda cha kuazima hospitali. Kitanda hicho! Unabonyeza, kichwa kinapanda. Unabonyeza, miguu inashuka. Mke wangu ameanza kusema nami tena, sentensi moja: nisikiguse.

Lakini kichwa kikipanda kuna mlio. Mdogo sana, krii, mtu wa kawaida hausikii. Mkwe kasema haumsumbui. Kasema hivyo mara tatu, mara ya mwisho kaninyooshea kidole.

Sasa kasinzia, kichwa juu, uso umetulia. Mke wangu yuko sokoni. Nimechungulia chini ya kitanda, na huwezi kuamini: mota mbili tu! Mbili!

Zote ziko mezani. Nina hakika nitamaliza kabla hajaamka akataka kushushwa kichwa.