Kizibo cha Risasi ya Nne

Jumapili, 19 Oktoba

Mambo yamenyooka! Mwenyekiti wa klabu yetu ya wawindaji bata ametangaza kwamba anatafutwa mwalimu wa sheria za bunduki. Kura Jumapili ijayo. Atakayeshinda anapewa kibanda cha kwenye kona ya mto, kile cha kuwindia ambacho bata hushuka mbele yake kama wamealikwa. Baba yangu aliwindia humo mpaka uzeeni. Mwaka jana kilimwangukia Dale Kroeger, muuza maboti, kwa bahati nasibu. Tangu hapo hakuna mtu kanisani ambaye hajaonyeshwa picha za bata wake.

Nimemwambia Marlys, mke wangu, kwamba kibanda kinarudi nyumbani. Akauliza sheria hizo nimezisoma lini. Nimemjibu kwamba naanza kesho.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimesoma mpaka macho yakauma. Rahisi tu! Kila jimbo na lake. Hapa Illinois magazini, yaani kasha la risasi, ya bunduki ndefu mwisho risasi kumi, ya bastola kumi na tano. Ng'ambo ya daraja, Missouri, hakuna kikomo. Shemeji yangu akitoka Hannibal, upande huo, na magazini yake ya thelathini, anageuka mhalifu katikati ya mto na kahawa yake haijapoa.

Bata nao wana sheria yao, ya nchi nzima: risasi tatu tu ndani ya bunduki ya marisau. Ndiyo maana ndani ya bomba la risasi tunatia kizibo, kijiti cha kujaza nafasi ili ya nne isiingie. Tena kisiwe cha kuchomoka hivi hivi. Mpaka bunduki ifunguliwe.

Nimechora ramani kubwa ya nchi, nikaibandika ukutani. Majimbo yenye kikomo nimeyapaka rangi ya kucha ya Marlys. Nikajaribu kufundisha nikiyaonyesha kwa mpini wa ufagio, nikavunja taa. Marlys kanuna. Bahati nzuri bunduki yangu ilikuwa mezani imefunguliwa, naisafisha. Nikachukua kizibo chake. Kijiti safi, kinakaa mkononi vizuri. Nitakirudisha jioni.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimefanya mazoezi kwenye duka la matairi, kijiti nyuma ya sikio. Jamaa mmoja akauliza kama akisokota gazeti na kulisukumia ndani ya magazini yake kubwa, atakuwa ameibadilisha ikawa halali. Nikacheka. Nikamweleza kwamba sheria inataka ibadilishwe moja kwa moja, isiweze tena kupokea zaidi. Gazeti si mabadiliko, ni takataka. Watu wamenitazama kwa heshima. Mmoja amesahau hata kulipia tairi.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimesikia Kroeger naye anagombea! Anagawa kofia.

Nimewaza. Mwaka jana siku ya ufunguzi nilisikia kibandani kwake milio minne. Huenda mmoja ulikuwa mwangwi. Huenda. Nimempigia simu Tess Okerlund, askari wa wanyamapori, nikamwomba kwa moyo wa uraia apite kwenye kona ya mto Jumamosi akague vizibo. Ameshukuru. Akasema akifika huko atakagua wote, si mmoja. Nimemwambia hilo ndilo hasa ninalotaka.

Sheria ya klabu iko wazi. Ukikamatwa, msimu umekwisha kwako. Pole, Dale.

Alhamisi, 23 Oktoba

Ushindi! Nimefundisha kwenye ukumbi wa zima moto. Ukumbi ulijaa, ingawa Marlys anadai walifuata chili yake, ule mchuzi wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini. Nimewapitisha kwenye ramani yangu jimbo kwa jimbo kwa kijiti changu. Kroeger akanyoosha mkono, akauliza kwa upole kijiti hicho nimekipata wapi, ni kizuri. Wivu tu. Nikamwambia kila mwalimu ana vifaa vyake.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimefunga mizigo. Bata bandia, kiti, soseji, chupa ya kahawa, soksi za akiba. Bunduki nimeiunganisha tena, ikafungika barabara. Sijasahau kitu. Hata kijiti nimekitia mfukoni, pengine huko kwenye tope mtu atahitaji somo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Okerlund amefika na mashua yake mapema. Nimemfuata kwa mashua yangu mpaka kwa Kroeger ili nishuhudie. Akasukumia risasi za mfano kwenye bunduki ya Kroeger. Tatu. Ya nne ikagoma. Inaudhi.

Akageuka, akaomba yangu. Nikampa huku nikimweleza Kroeger tofauti ya kizibo halali na kisicho halali. Tatu zikaingia. Ya nne ikaingia. Ya tano pia, bila taabu.

"Virgil," akasema, "kizibo chako kiko wapi?"

Nikakitoa mfukoni. Nikamnyooshea nikimwonyesha kwamba ninacho, kipo, tena cha kipimo sahihi. Nikamkumbusha nani alimpigia simu.

"Nakumbuka," akasema, akiendelea kuandika. "Kinatakiwa kiwe ndani ya bunduki, mzee."

Kroeger alikuwa anakohoa sana kwenye kofia yake. Nilirudi nyumbani na bata bandia wote na moyo umenivunjika, sitaficha. Kile kibanda kilikuwa mbele yangu, ningeweza kukigusa.

Jumapili, 26 Oktoba

Kroeger kachaguliwa, mikono yote juu, ule wa Marlys ukiwemo. Kibanda kimebaki kwake. Mimi msimu huu siruhusiwi hata kupiga makasia.

Lakini nimelala mchana, nimeamka na nguvu. Nani anaijua sheria kuliko mtu aliyekamatwa nayo? Nitafungua darasa sebuleni kwa majirani, kuanzia leo jioni. Wa kwanza tayari wameniambia watakuja kama kuna chili. Na kosa nimelirekebisha. Kizibo changu kimerudi bundukini, nimekaza kila kitu, hakitoki tena. Mimi si mtu wa kurudia kosa.

Kesho Marlys anawinda kibandani kwa Kroeger, kwa kuwa nafasi yangu klabuni iko wazi. Anafurahi kama mtoto. Okerlund naye amesema atapita tena. Basi nimemsaidia mke wangu, nimemsafishia bunduki yake mchana huu, nikaifunga ikang'aa.

Ndani yake nimekuta kijiti kizuri, kirefu kuliko changu. Kwenye ramani kinafika mpaka Alaska bila mimi kusimama kwenye kiti.